“Wherefore” si “wapi”: Juliet alikuwa akiuliza nini pale dirishani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu, na wanafunzi wangu wanajiandaa kuigiza ile sehemu ya bustanini usiku katika Romeo na Juliet, tamthilia ya Shakespeare. Binti anayeigiza Juliet akifika kwenye “O Romeo, Romeo, wherefore art thou Romeo?” anakinga kiganja juu ya macho na kuangaza huku na huku gizani, kama anayemtafuta mtu. Mimi ndiye niliyemwelekeza hivyo, kwa kuwa nilichukulia kwamba “wherefore” ni “where” ya zamani. Mwalimu mwenzangu ameniambia nimewapotosha watoto. Neno hili maana yake hasa ni nini, linakaaje katika sentensi za fasihi, na je, mwanafunzi anaweza kulitumia katika insha yake?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mwenzako amesema kweli. “Wherefore” haiulizi mahali, inauliza sababu. Juliet hasemi “Uko wapi, Romeo?” Anasema “Mbona wewe u Romeo?” Yaani katika vijana wote wa mji wa Verona, kwa nini huyu aliyenichukua moyo awe ndiye mtoto wa Montague, ukoo ambao sisi akina Capulet hatupikiki nao chungu kimoja? Usijilaumu kupita kiasi, maana kosa hilo hulifanya hata watu walionyonya Kiingereza kwa mama zao. Lakini lirekebishe kabla ya siku ya maonyesho, kwa sababu ukiliacha, sentensi yenye uchungu kuliko zote katika onyesho hilo inageuka kuwa swali la mtu aliyepotezana na mwenzake sokoni.

Nianze na umbo la neno, kwa kuwa hapo Mswahili ana bahati ambayo Mwingereza wa leo hana. “Wherefore” ni maneno mawili yaliyoshikana, “where” na “for”. Hiyo “for” ni “kwa” yetu, ile ya “kwa ajili ya”. Na “where” iliyomo ndani haifanyi kazi ya “wapi”. Katika Kiingereza cha zamani, “where” ilipounganishwa na kihusishi ilisimama mahali pa “nini”. Basi “where-for” ni “kwa nini”, kipande kwa kipande. Sasa mtazame ndugu yake, “therefore”. Huyu naye ni “there” na “for”, na “there” yake haionyeshi pale wala kule, inaonyesha jambo lililokwisha kutajwa: “hiyo”, “hilo”. “There-for” ni “kwa hiyo”. Mmoja anauliza, mwingine anajibu. Wherefore, therefore; kwa nini, kwa hiyo. Lugha zetu mbili hizi hazina undugu wowote wa damu, lakini hapa zimejenga kwa ramani moja. Wajerumani nao wana “wofür”, ambayo ni “wapi” na “kwa” zikikaa pamoja, na maana yake ni “kwa ajili ya nini”. Hakuna Mjerumani anayedhani anaulizwa mahali.

Waandikie wanafunzi wako jozi hizo ubaoni, ya Kiingereza juu na ya Kiswahili chini. Mwanafunzi wa Kiingereza peke yake hana pa kulishikia neno hili, kwa sababu “why” ya leo haifanani nalo hata herufi moja ya mwisho. Mwanafunzi wako tayari anayo “kwa nini” mdomoni tangu utotoni.

Ukiishika kanuni hiyo, ukoo mzima wa maneno ya namna hii unafunguka. “The house wherein he dwelt” ni nyumba ambamo aliishi. “The sword whereby he fell” ni upanga ambao kwao aliangamia. Sisi tunasema ambamo, kwayo, kwalo, kwazo. Na hata kwetu maneno hayo yana harufu ya kitabu kuliko ya barazani. Mwingereza wa leo akisikia “wherein” anasikia kitu hichohicho.

Lakini mimi nisingependa uamini kwa sababu ya historia ya neno tu. Tamthilia yenyewe inatoa ushahidi, na ushahidi huo ni mzuri wa kufundishia. Mapema kabisa, katika onyesho la kwanza, mama yake Romeo anamtafuta mwanawe baada ya ugomvi mtaani. Anauliza: “O, where is Romeo? Saw you him today?” Hapo ndipo swali la mahali lilipo, na neno lake ni “where” tupu. Baadaye Mercutio, rafiki yake, naye anamtafuta kijana ambaye hakulala nyumbani: “Where the devil should this Romeo be?” Tena “where”. Kwa hiyo mwandishi alipotaka kuuliza alipo Romeo, neno alikuwa nalo na alilitumia. Mama anauliza “where”, rafiki anauliza “where”, mpenzi anauliza “wherefore”. Hao watatu hawaulizi jambo moja.

Ushahidi wa pili uko katika onyesho lilelile la bustanini, mistari kadhaa mbele. Juliet ameshagundua kwamba Romeo yuko chini ya dirisha lake, anazungumza naye ana kwa ana, na anamuuliza: “How cam’st thou hither, tell me, and wherefore?” Umefikaje hapa, niambie, na umefuata nini? Kisha anamkumbusha kwamba kuta za bustani ni ndefu na ni ngumu kupanda. Hapa haiwezekani kabisa “wherefore” kuwa “wapi”, maana mtu mwenyewe yuko mbele yake. Sentensi hii moja ingetosha kumaliza ubishi wowote katika chumba cha walimu.

Wa tatu ni kinachofuata mara tu baada ya ule mstari wako. Juliet anasema: “Deny thy father and refuse thy name.” Mkane baba yako, likatae jina lako. Kama angekuwa anauliza mahali, maneno haya yangetokea wapi? Yanakuwa na mantiki pale tu swali linapokuwa la jina. Mbona u Romeo? Basi usiwe. Na kutoka hapo anakwenda moja kwa moja kwenye hoja kwamba jina lake tu ndilo adui, na kwamba waridi lingeitwa vinginevyo bado lingenukia vilevile. Hoja nzima ya majina inaanzia kwenye “wherefore”. Ukiitafsiri vibaya, unakata mzizi, na mti uliobaki unaning’inia hewani.

Kuna mambo mawili madogo yanayowachanganya watu katika mstari huo, na inafaa uyataje. La kwanza ni mkato. Watu wengi huusikia kama kwamba kuna mkato kabla ya jina la mwisho, “wherefore art thou, Romeo?”, na mkato huo ndio unaolifanya jina kuwa mwito. Mkato haupo. “Romeo” wa mwisho haitwi. Ni sehemu ya taarifa, kama “u mwalimu”, “u mgeni”. La pili ni “art thou”. “Thou” ni wewe, mtu mmoja, na “art” ni kitenzi cha kuwa kinachomfuata “thou” peke yake. Kiswahili kina chombo kile kile kabisa, kile kiambishi “u” cha “u hali gani” na “u mzima”. Ndiyo maana nimetafsiri “mbona wewe u Romeo” na si “mbona wewe ni Romeo”. Hiyo “u” imezeeka kidogo masikioni mwa vijana wa leo, kama “art” ilivyozeeka kwa Waingereza, na umri wao unakaribiana vizuri.

Sauti nayo inasaidia. Mashairi ya tamthilia za Shakespeare huenda kwa mapigo matano, hafifu kisha zito. Ukiuhesabu mstari huo, mapigo mazito yanaangukia Ro-, Ro-, where-, art, Ro-. Sikia kwamba “art” imebeba pigo. Uzito uko kwenye kule kuwa: mbona *u* Romeo. Binti yako akiusoma kwa kuangaza huku na huku, lazima atausukuma uzito kwenye “thou”, na mapigo yatapinda.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Nimekwambia “wherefore” ni “kwa nini”. Hilo ni kweli kwa umbo lake. Kwa maana yake katika sentensi, Kiswahili kina maneno mengi zaidi ya kuulizia sababu, na kila moja lina moyo wake. “Kwa nini” inauliza sababu kwa utulivu. Hakimu anaweza kuitumia, daktari anaweza kuitumia. “Mbona” haina utulivu huo. Anayesema “mbona” tayari alikuwa na matarajio fulani, na alichokiona kimeyavunja. Mbona umechelewa? Mbona hali chakula? Ndani yake kuna mshangao, mara nyingi na lawama, mara nyingine na huzuni. “Ya nini” inauliza faida: machozi ya nini, haraka ya nini. Anayeiuliza mara nyingi ameshaamua kwamba faida haipo. Halafu kuna “kulikoni” na “kwani”, nazo zina mahali pake. Mwingereza wa zamani alizibeba karibu zote hizo katika neno moja. Kazi yako wewe msomaji ni kusikia ipi kati ya hizo imejificha mle ndani, na kipimo changu cha miaka mingi ni hiki: ijaribu sentensi kwa Kiswahili, uone neno lipi linakaa bila kulazimishwa.

Chukua Injili ya Mathayo, sura ya 14. Petro anatembea juu ya maji, anaogopa upepo, anaanza kuzama, na Yesu anamshika mkono. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema: “O thou of little faith, wherefore didst thou doubt?” Watafsiri wa Biblia yetu ya Union Version waliandika: “Ewe mwenye imani haba, mbona uliona shaka?” Hawakuandika “kwa nini uliona shaka”. “Kwa nini” ingemtaka Petro atoe maelezo. “Mbona” inamwambia: ulikuwa unatembea, ulikuwa unaweza, nilikuwa hapa. Kila nikifundisha neno “wherefore” naanzia hapo, kwa sababu wanafunzi wengi wameshausikia mstari huo kwa Kiswahili kabla hawajausikia kwa Kiingereza.

Au mchukue mshairi Milton, katika utenzi wake mkubwa kuhusu kuanguka kwa mwanadamu, uliotoka mwaka 1667. Malaika wanamkamata Shetani akinyemelea bustani ya Edeni, wanamleta kwa Jibrili, naye anamuuliza: “But wherefore thou alone? Wherefore with thee came not all Hell broke loose?” Sentensi ya kwanza haina hata kitenzi. “Lakini mbona peke yako?” Hiyo ni “mbona” tupu, na Kiswahili nacho hakihitaji kitenzi hapo. Jibrili anamchoma: kama kuzimu kunauma kiasi hicho, mbona wenzako hawajatoroka nawe?

Tofautisha na hili. Katika Julius Caesar, tamthilia nyingine ya Shakespeare, mafundi na wachuuzi wa Roma wameacha kazi wamejaa barabarani kumshangilia Caesar. Afisa mmoja anayeitwa Marullus anawakaripia: “Wherefore rejoice? What conquest brings he home?” Ukitafsiri “Mbona mnafurahi?” si kosa, lakini mimi nasikia “Furaha ya nini? Ametuletea ushindi gani?” Sentensi ya pili ndiyo inayonielekeza, kwa kuwa inauliza faida iliyoletwa nyumbani. Tamthilia hiyo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtu aliyekuwa anaongoza nchi changa alitenga saa zake kupima maneno ya namna hii moja moja. Kama shule yenu ina nakala, waweke wanafunzi wasome Kiingereza na Kiswahili bega kwa bega. Hakuna zoezi bora zaidi ninalolijua.

“Ya nini” hiyohiyo inasikika katika Macbeth, nayo ni tamthilia ya Shakespeare, karibu na mwisho. Sauti za wanawake wakilia zimetoka ndani ya ngome. Macbeth anauliza: “Wherefore was that cry?” Kilio kile cha nini? Na jibu linakuja kavu: malkia amefariki. Katika tamthilia hiyohiyo, lakini mwanzoni, usiku wa mauaji, Macbeth anatoka chumbani mikono ikiwa na damu. Ameshangazwa na jambo moja tu: “But wherefore could not I pronounce ‘Amen’?” Alisikia watu wakisali usingizini, akataka kuitikia Amina, neno likakwama kooni. Hii ni “mbona”, na ni “mbona” ya kutisha: mbona sikuweza kutamka Amina, wakati mimi ndiye niliyehitaji baraka kuliko wote? Neno moja, mtu mmoja, mwanzo na mwisho wa njia yake. La kwanza linajiuliza nafsi, la pili linauliza tu kelele ni za nini.

Mshairi Shelley, mwaka 1819, anawaimbia wafanyakazi wa nchi yake: “Men of England, wherefore plough for the lords who lay ye low?” Hii ni “ya nini” kuliko zote nilizowahi kukutana nazo. Enyi watu wa Uingereza, ya nini kuwalimia mabwana wanaowalaza chini? Tazama sarufi yake pia: baada ya “wherefore” kuna kitenzi kitupu, hakina mtenda wala kisaidizi. Sisi tunasema “ya nini kulima”, kitenzi cha jina, na jengo linakubali. Wakati Shelley anaandika hivyo neno lilikuwa limeshazeeka, na alikuwa na “why” mkononi. Alilichukua la zamani makusudi, ili wimbo wa walalahoi uwe na uzito wa maneno ya kanisani.

Na ipo “wherefore” isiyo na mbona wala ya nini. Hamlet, katika tamthilia ya Shakespeare yenye jina lake, anawaambia marafiki zake wawili: “I have of late, but wherefore I know not, lost all my mirth.” Siku hizi, na kwa nini sijui, furaha yangu yote imenitoka. Hapo “kwa nini” ndiyo mahali pake. Najua wapo, hasa Kenya, wanaosema “sijui mbona”, nami sigombani nao. Kwa sikio langu “mbona” inataka kusimama mbele ya mtu unayemuuliza, na Hamlet hapa hamuulizi mtu.

Sarufi ya hizi zote ni nyepesi ukishaiona. Likiuliza moja kwa moja, “wherefore” hufuatwa na kitenzi, mara nyingi kisaidizi, kabla ya mtenda: wherefore didst thou, wherefore art thou, wherefore could not I. Likiwa ndani ya sentensi nyingine, mpangilio unarudi wa kawaida: “I know not wherefore he wept.” Mwanafunzi atakayeandika “Wherefore thou art sad?” amekosea kama vile angeandika “Why you are sad?”

Kisha kuna kazi ya pili ya neno hili, na hapa wasomaji wengi hujikwaa hata wakishajua kwamba si “wapi”. “Wherefore” inaweza isiulize kitu chochote. Inasimama mwanzoni mwa sentensi ya taarifa na kusema “kwa hiyo”, “basi”, “ndiyo maana”. Waraka kwa Warumi, sura ya 5, Biblia ya 1611: “Wherefore, as by one man sin entered into the world…” Union Version inasema “Kwa hiyo, kama kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni”. Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, unaanza “Wherefore seeing we also are compassed about…”, na Kiswahili kinaanza “Basi na sisi pia”. Asili yake ni ileile: “ambalo kwalo”, yaani kwa hilo nililolisema sasa hivi. Hapo “wherefore” na “therefore” zinakaribiana hadi zinagusana.

Utazitofautishaje? Tazama alama ya mwisho wa sentensi, halafu tazama mtenda yuko wapi. Kama neno limeanza sentensi, mtenda ametangulia kitenzi na hakuna alama ya kuuliza, soma “kwa hiyo”. Ni hayo tu.

Kazi hii ya pili ndiyo niliyoijua mimi kwanza, na sikuijua darasani. Kabla ya kufundisha nilikuwa karani katika ofisi ya wakili, nikipiga chapa hati za madai kwa mashine. Kila hati, baada ya aya za malalamiko, ilifika kwenye neno moja kwa herufi kubwa: “WHEREFORE, the Plaintiff prays for judgment…” Nililipiga chapa neno hilo mara nyingi nisizoweza kuzihesabu nikidhani ni namna ya kusema “mahali ambapo”. Ni wakili mmoja mzee aliyeniambia: hiyo ni “kwa hiyo” ya kizamani, kijana, tumeshaeleza kisa, sasa tunaomba. Tanzania ilipobadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, waandishi wa hati walipofika hapo hawakuwa na haja ya kubuni: “Kwa hiyo, mdai anaomba…” inakaa palepale. Basi ukiwaambia wanafunzi kwamba neno hili limekufa, watakaokuja kuwa mawakili katika nchi zetu watakutana nalo likitembea, maana hati za Kiingereza bado zinalo.

Kazi mbili zilizobaki nazipitia haraka. Laweza kufuata neno “cause” au “reason”, kama katika Matendo ya Mitume, sura ya 10, Petro anapowauliza wageni: “what is the cause wherefore ye are come?”, ni sababu gani iliyowaleta. Na laweza kuwa nomino. Mtumwa mmoja katika The Comedy of Errors, tamthilia ya kuchekesha ya Shakespeare, anapigwa bila kosa, na bwana wake anamuuliza kama anataka kuambiwa “why”. Anajibu ndiyo, pamoja na “wherefore”, maana watu husema “every why hath a wherefore”: kila kwa nini ina kwa sababu yake. Kutoka kwenye matumizi hayo Waingereza wamebaki na “the whys and wherefores”, ambayo wanaisema hadi leo wakimaanisha undani na sababu zote za jambo. Hiyo mwanafunzi anaweza kuitumia bila kuonekana kavaa kanzu ya babu yake.

Utauliza: kama “why” ilikuwapo, “wherefore” ya nini? “Why” ni kongwe vilevile, na waandishi hao walitumia yote mawili. Kwa mshairi, tofauti ya kwanza ni ya hesabu: moja ina silabi moja, lingine mbili, na mstari wa mapigo matano hauna huruma. Tofauti ya pili ni ya uzito, lakini hapa naomba uwe mwangalifu. Usiwafundishe watoto kwamba “wherefore” daima ina uchungu na “why” daima ni nyepesi. Zaburi ya 22 kwa Kiingereza hicho cha 1611 inasema “why hast thou forsaken me”, kwa “why”, na Kiswahili kinasema “mbona umeniacha”. Hakuna uchungu kuliko huo. Uzito uko katika sentensi nzima na katika anayesema.

Kuhusu insha: katika insha ya kawaida, hapana. Mwanafunzi anayeandika juu ya mazingira au uchaguzi wa viranja aandike “why” na “therefore”. “Wherefore” itamfanya msahihishaji asimame na kushangaa pasipo na cha kushangaa. Katika hadithi au tamthilia ya wakati wa zamani, ndiyo, kwa sharti kwamba alivishe kitenzi chake nguo za wakati huo. “Wherefore weepest thou?” ni sawa. “Wherefore do you weep?” pia ni sawa, kwa kuwa hata hao wa kale walikuwa na “you”. “Wherefore don’t you come?” inavunjika katikati, maana mkato wa “don’t” ni wa mazungumzo ya leo. Na atumie mara moja, mahali ambapo moyo wa mhusika umevunjika kweli au hoja imefika kilele. Akilinyunyiza kila ukurasa litapoteza nguvu, kama mzee anayeapa kwa kila neno.

Sasa turudi kwa binti yako. Mwambie ashushe mkono. Juliet hamtafuti Romeo. Hajui kabisa kwamba yupo. Anadhani yuko peke yake na usiku, na ndiyo maana anaweza kusema ukweli wote. Asiangaze bustanini. Aangalie mikono yake mwenyewe, au mbingu, au ayafumbe macho. Lolote linaloonyesha kwamba anazungumza na nafsi yake. Na mvulana anayeigiza Romeo msimweke mbali kwenye kona. Awe chini ya dirisha, karibu kiasi kwamba angeweza kuinua mkono na kugusa ukuta, maana baada ya maneno hayo ana mstari wake wa kujiuliza kama asikilize zaidi au aseme. Hadhira imwone akisita. Kama mtafanya sehemu hiyo kwa Kiswahili pia, ningemwandikia Juliet hivi: “Ewe Romeo, Romeo, mbona u Romeo?” Mjaribishe mara moja na “kwa nini wewe ni Romeo”, asikie mwenyewe jinsi inavyofanana na mahojiano ya kituo cha polisi, kisha arudi kwenye “mbona”, na umwache atulie kidogo baada ya jina la mwisho kabla hajamwambia amkane baba yake.